Maji Moto Yanayopanda na Kushuka Bafuni: Jinsi ya Kutafuta Chanzo Kabla ya Kununua Hita Nyingine

Malalamiko haya yanasikika Dar es Salaam, kuanzia Kimara hadi Kigamboni: mtu anasimama chini ya shawa, maji yanatoka na joto la kuridhisha kwa nusu dakika, yanapoa ghafla kama ya mtungini, kisha yanarudi yakiwa moto kiasi cha kumfanya aruke pembeni. Fundi akiitwa, ushauri wa haraka huwa ni kubadilisha hita, na mara nyingi hita mpya ikishafungwa maji huendelea na mchezo wake uleule. Hilo lisimshangaze mwenye nyumba, kwa kuwa hita hutegemea kile inacholetewa na bomba upande mmoja na waya upande wa pili, na katika jiji hili vyote viwili hubadilika kati ya alfajiri na usiku. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unachunguza maji kwanza, umeme baada yake, na hita yenyewe mwishoni.

Soma dalili kabla ya kufungua kitu

Kwanza ujue una hita ya aina gani. Shawa ya umeme ni kile kichwa cha kuogea chenye koili (waya wa kupasha joto) ndani, ambacho hupasha maji yakiwa yanapita na hakina akiba yoyote. Nyingi zina nguvu ya kati ya wati 3,500 na 5,500. Boila ni tangi lililofungwa ukutani au darini, lenye elementi (chuma cha kupasha maji) na themostati (kidhibiti cha joto), ambalo hupasha maji na kuyahifadhi. Tofauti hii ni ya msingi, kwa sababu shawa ya umeme huathirika papo hapo na kila badiliko la presha au volti, ilhali boila huficha mabadiliko hayo kwa muda na kuyaonyesha kwa njia nyingine.

Kisha, kwa siku mbili au tatu, andika saa unayooga na namna maji yanavyobadilika. Maji yanayowaka na kupoa kwa vipindi vya sekunde chache huelekeza kwenye presha au pampu. Maji yanayobadilika pale tu mtu mwingine anapofungua koki ya jikoni au kuvuta maji chooni huelekeza kwenye mabomba. Maji yanayokuwa vuguvugu kuanzia saa moja jioni na kurudia hali nzuri usiku wa manane huelekeza kwenye umeme. Maji ya boila yanayoanza vizuri, yakapoa taratibu na yasirudi mpaka baada ya saa nzima, huelekeza kwenye boila lenyewe au kwenye ukubwa wake. Daftari hili dogo humwokolea fundi nusu ya kazi, na humzuia pia kukisia.

Usalama

Zima breka ya hita kwenye meini swichi, wala usitosheke na swichi ya ukutani, kwa kuwa swichi iliyofungwa vibaya inaweza kukata waya wa nyutro (wa kurudisha umeme) na kuuacha ule wenye moto ukiwa hai. Hakikisha kwa testa kwamba hakuna umeme, baada ya kuijaribu testa hiyo kwenye soketi unayojua ina umeme. Maji ya nyuzi joto 60 huunguza ngozi kwa sekunde chache, kwa hiyo boila lipewe muda wa kupoa kabla ya kufunguliwa. Kazi yoyote inayohitaji kupima umeme ukiwa umewashwa ni ya fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji.

Hatua ya kwanza: pima maji

Chukua ndoo ya lita 10 na saa ya simu. Hita ikiwa imezimwa, fungua shawa kama unavyoifungua unapooga, kisha hesabu sekunde ndoo inazotumia kujaa. Gawanya 600 kwa idadi hiyo ya sekunde, nawe utapata lita kwa dakika: ndoo iliyojaa kwa sekunde 100 ina maana ya lita 6 kwa dakika, na iliyojaa kwa sekunde 150 ni lita 4. Rudia kipimo hiki asubuhi, jioni, na mara ya tatu mtu mwingine akiwa amefungua koki ya jikoni.

Namba hizi zina uzito kuliko zinavyoonekana. Kwa shawa ya umeme, ukigawanya wati zake kwa 70, kisha ukagawanya jibu kwa lita zinazopita kwa dakika, unapata nyuzi joto zinazoongezwa kwenye maji. Shawa ya wati 5,500 ikipitisha lita 4 kwa dakika huongeza takribani nyuzi 20. Ikipitisha lita 6 huongeza nyuzi 13 tu. Ikipitisha lita 8 huongeza nyuzi 10. Ikiwa maji yanaingia yakiwa na nyuzi 27, mwogaji atapata nyuzi 47, au 40, au 37, kwa hita ileile nzima isiyo na kasoro yoyote. Kwa maneno mengine, mtu akifungua koki ya jikoni na mtiririko wa bafuni ukashuka kutoka lita 6 hadi 4, maji ya bafuni yatapanda kwa nyuzi 7 bila hita kufanya kosa. Ikumbukwe pia kwamba tangi jeusi lililoanikwa juani hutoa maji ya moto zaidi alasiri kuliko alfajiri, hasa nyakati za kipupwe, na hivyo kitufe kilichowekwa pale pale hakitatoa joto lile lile kutwa.

Sasa tazama presha. Kila mita 10 za kimo cha maji hutoa presha ya bar 1, kwa hiyo tangi ambalo maji yake yako mita 3 juu ya kichwa cha shawa hutoa bar 0.3 tu, na kiasi hicho kinapungua kadiri tangi linavyokauka. Ndani ya shawa ya umeme kuna mpira wa diaframu unaosukumwa na maji ili ugusanishe kontakti za umeme. Presha ikiwa hafifu, mpira huo husitasita: unagusa, unaachia, unagusa tena, na maji hufuata mwendo huo. Dalili yake ni mlio mdogo wa tik tik ndani ya shawa, huku taa ya bafuni ikipepesa kidogo kila mlio unaposikika. Anayeona hali inakuwa mbaya tangi likiwa karibu kuisha, na kutulia likishajazwa, ameshapata jibu lake.

Kabla ya kufikiria kuinua mnara wa tangi, safisha kwanza. Maji ya DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, yanaporudi baada ya mgawo, mara nyingi huja na mchanga na tope la mabombani, ambalo huishia kwenye kichujio kidogo kilichopo mdomoni mwa hita na kwenye matundu ya kichwa cha shawa. Fungua kichujio, kioshe kwa mswaki wa zamani. Sehemu yenye matundu ya kichwa cha shawa iloweke usiku kucha katika siki, hasa kama nyumba inatumia maji ya kisima. Kagua pia kama geti valvu chini ya tangi imefunguliwa yote, kwani si mara moja imekutwa nusu imefungwa na mtu aliyekuwa akirekebisha kitu kingine miezi kadhaa nyuma. Baada ya hapo tazama mabomba: nyumba nyingi zimeshushiwa bomba moja la nusu inchi kutoka kwenye tangi, nalo linahudumia jiko, choo na bafu kwa pamoja. Kulibadilisha bomba kuu kuwa la inchi moja, au kulipa bafu bomba lake peke yake kutoka kwenye tangi, huondoa tatizo la kunyang'anyana maji kwa gharama iliyo nafuu kuliko pampu. Bomba linalopanda darini na kushuka tena hunasa hewa kwenye kilele chake. Maji yakitoka kwa kukohoa baada ya tangi kukauka na kujazwa, fungua koki zote kwa dakika chache, za chini kwanza, hewa itoke.

Pampu ya presha inastahili aya zake, kwa kuwa ndiyo inayolaumiwa kidogo kuliko inavyostahili. Pampu ya kawaida huongozwa na presha swichi, ambayo, kwa mfano, huiwasha presha ikishuka hadi bar 1.5 na kuizima ikifika bar 3. Kati ya viwango hivyo, mtiririko wa shawa hupanda na kushuka, na joto hufanya kinyume chake. Tangi dogo la presha, lenye mpira na hewa ndani, limewekwa hapo ili mabadiliko hayo yawe ya polepole. Hewa ikiisha, pampu huwaka na kuzima kila baada ya sekunde chache, na mwogaji hupata mawimbi ya moto na baridi yanayofuata mlio wa pampu nje. Nimewahi kuiona nyumba moja Tabata iliyobadilishiwa shawa mbili ndani ya mwaka mmoja, na kumbe kilichohitajika kilikuwa pampu ya baiskeli.

Kipimo chake ni chepesi. Zima pampu, fungua koki moja mpaka maji yote yenye presha yaishe, kisha bonyeza valvu iliyo kwenye tangi la presha, inayofanana na ya tairi. Yakitoka maji badala ya hewa, mpira wa ndani umechanika na unapaswa kubadilishwa. Ikitoka hewa, pima kwa geji ya tairi: kiwango kiwe pungufu kidogo ya kile kinachowasha pampu, takribani bar 0.2 chini yake. Kwa pampu inayowaka kwenye bar 1.5, hewa iwe bar 1.3, ambayo kwenye geji za mafundi wa tairi husomeka kama 19 (psi). Kipimo hiki hakina maana endapo maji bado yana presha, kwa hiyo usiruke hatua ya kufungua koki.

Maji baridi yanapovuka upande wa moto

Kwa wenye boila, chanzo ambacho mafundi wengi hukipita ni koki za kuchanganyia. Bomba la kuogea lenye mpira wa mkono, likifungiwa kwenye kichwa chake huku koki zote mbili za ukutani zikiwa wazi, hugeuka kuwa njia ya mkato: maji baridi yenye presha kubwa huvuka na kuingia kwenye bomba la maji moto, na bafu la pili ndilo linaloumia. Jaribio lake ni hili. Zima umeme wa boila, funga koki inayoingiza maji baridi kwenye boila, kisha fungua koki ya maji moto ya sinki. Mtiririko ukikata baada ya muda mfupi, hakuna kuvuka. Ukiendelea bila kukoma, maji hayo hayatoki kwenye boila, bali yanapita kwenye koki fulani ya kuchanganyia. Zifunge moja baada ya nyingine mpaka uipate.

Kuna nyumba ambazo maji baridi ya bafuni yanatoka moja kwa moja kwenye bomba la DAWASA, ilhali ya moto yanatoka kwenye tangi la juu. Maji ya mtaa yakija usiku kwa nguvu, upande wa baridi huuzidi nguvu upande wa moto, na yakikatika uwiano hubadilika tena. Hapo hakuna themostati itakayosaidia; pande zote mbili zinapaswa kulishwa na tangi moja.

Hatua ya pili: chunguza umeme

Nguvu ya koili haishuki sambamba na volti, bali hushuka kwa kasi zaidi. Shawa iliyoandikwa wati 5,500 kwa volti 230 hutoa takribani wati 4,600 volti zikiwa 210, na takribani 3,750 zikiwa 190, yaani karibu theluthi moja ya joto imepotea kabla hujafungua koki. Ndiyo maana maji ya saa mbili usiku, wakati mtaa mzima unapika na viyoyozi vimewashwa, hayafanani na ya saa kumi na moja alfajiri.

Unaweza kulithibitisha hilo bila kugusa waya wowote, ikiwa mita yako ya LUKU (ya umeme wa kulipia kabla) iko mahali unapoweza kuiona. Kwenye uso wa mita imeandikwa idadi ya mapigo ya taa kwa kila uniti moja, mara nyingi 1,000 au zaidi. Zima vifaa vingine vyote, mtu mmoja afungue shawa, nawe uhesabu taa inapepesa mara ngapi kwa dakika moja. Zidisha kwa 60, gawanya kwa namba iliyoandikwa, na utapata kilowati zinazotumika. Kwa mita ya mapigo 1,000, shawa ya wati 5,500 inapaswa kupepesa mara 92 kwa dakika. Ukipata 63, hita inapokea umeme pungufu, au sehemu ya koili yake imekatika. Muhimu zaidi ni kutazama wakati maji yanapopoa: taa ya mita ikisimama ghafla maji yanapopoa, kuna kinachokata umeme wa hita, iwe diaframu, kontakti au themostati; taa ikiendelea kwa mwendo uleule ilhali maji yamepoa, ni mtiririko wa maji ulioongezeka. Kipimo hiki peke yake humaliza mabishano mengi kati ya fundi bomba na fundi umeme.

Ikionekana kwamba umeme ni pungufu, fundi umeme apime volti mahali pawili, kwenye meini swichi na kwenye hita, hita ikiwa inafanya kazi. Volti zikishuka kwenye meini swichi yenyewe, tatizo liko nje na ripoti ipelekwe TANESCO. Zikibaki 225 kwenye meini na kushuka hadi 205 kwenye hita, waya wa nyumba ndio unaokula umeme. Shawa ya wati 5,500 huvuta takribani ampia 24, na inahitaji waya wake peke yake wa milimita za mraba 4 pamoja na breka ya ampia 32. Lakini nyumba nyingi zimeungiwa shawa hizi kwenye waya wa 2.5 uliokusudiwa soketi. Waya huo hupata joto, nati za viungio hulegea, plastiki hugeuka rangi ya kahawia, na harufu ya kuungua husikika kabla ya moshi. Ukiona hata moja kati ya dalili hizo, usioge tena kwa shawa hiyo mpaka waya ubadilishwe. Vivyo hivyo, taa za nyumba zikizidi mwanga upande mmoja na kufifia upande mwingine hita inapowashwa, zima meini swichi na uite fundi siku hiyohiyo, kwa kuwa hiyo ni dalili ya nyutro iliyolegea.

Stabilaiza (kifaa cha kusawazisha volti) ya kuhimili hita ni ghali, na huvuta ampia nyingi zaidi kutoka kwenye laini ambayo tayari imechoka. Kupunguza mtiririko wakati wa jioni, kutoka lita 6 hadi 4, kunafanya kazi hiyohiyo bure.

Hatua ya tatu: fungua hita

Ikiwa maji na umeme vyote viko sawa, sasa ni zamu ya hita. Kwenye shawa ya umeme, kagua diaframu kama imekakamaa au imechanika, kontakti kama zimeungua, na koili kama imekatika. Vipuri hivi hupatikana katika maduka ya vifaa vya umeme Kariakoo. Nenda na koili ya zamani mkononi, kwa sababu zinafanana kwa macho na kutofautiana kwa wati.

Wanaotumia visima vya maeneo ya karibu na bahari wana jambo la ziada. Maji ya chumvi hupitisha umeme kwa urahisi, na katika shawa ambazo koili yake iko wazi ndani ya maji, umeme huvuja kupitia maji yenyewe. Breka ya kuzuia umeme unaovuja, ile ya miliampia 30, itakata kila baada ya muda, na kwa mwenye nyumba itaonekana kama hita inayosumbua. Kuiondoa breka hiyo ili maji moto yasikatike ni kuondoa kitu pekee kinachomlinda mwogaji. Dawa ni kununua shawa iliyotengenezwa kwa maji ya chumvi, ambayo elementi yake imefunikwa, na kuhakikisha waya wa ethi (unaopeleka ardhini umeme uliovuja) umefika hadi kwenye hita badala ya kukatwa na kuviringishwa darini.

Kwa boila, fanya hesabu kabla ya kulaumu. Lita 50 za nyuzi 60, zikichanganywa na maji baridi ili kupata nyuzi 40, hutoa kwa nadharia lita 127, na kiuhalisia pungufu ya hapo. Kwa mtiririko wa lita 8 kwa dakika, mtu wa pili kuoga atazimaliza, na elementi ya wati 1,500 itahitaji zaidi ya saa moja na robo kuzipasha tena. Ikiwa familia imeongezeka, boila halina ugonjwa. Ikiwa maji moto yanaisha baada ya dakika mbili au tatu, kagua kama mabomba yamefungwa kinyume: alama ya bluu ni ya maji baridi yanayoingia, nyekundu ni ya moto yanayotoka. Boila la kusimama lililolazwa ili litoshe darini hutoa dalili hiyohiyo, na halitapona mpaka lisimamishwe.

Boila linalonguruma kama sufuria ya chai lina ukoko wa chokaa kwenye elementi, na ukoko huo huifanya ipate joto kupita kiasi mpaka kinga ya joto ikate umeme. Mwaga maji, toa elementi, iloweke katika siki au uikwangue taratibu kwa mti, na ubadilishe gasketi wakati wa kurudisha. Wakati huohuo tazama fimbo ya magnesiamu, ile inayoliwa na kutu badala ya tangi. Kwa maji ya kisima ikaguliwe kila mwaka, na ikibaki waya mtupu ibadilishwe kabla kutu haijahamia kwenye tangi. Kitufe chekundu cha kinga kikiruka mara ya pili baada ya kukibonyeza, themostati imechoka na inahitaji kubadilishwa. Valvu ya usalama inayodondosha matone wakati maji yanapata moto inafanya kazi yake, kwa kuwa lita 50 zikipashwa kutoka nyuzi 27 hadi 60 hutanuka kwa zaidi ya nusu lita. Kamwe usiizibe kwa plagi.

Unaporudisha kila kitu, jaza maji kwanza. Shawa ya umeme ipitishe maji kwa dakika moja ikiwa imezimwa, na boila lifunguliwe koki ya moto mpaka maji yatoke bila kukohoa hewa, kwa sababu koili au elementi iliyowashwa pakavu huungua kwa muda mfupi sana. Ndipo uwashe breka, urudie kipimo cha ndoo na kuhesabu mapigo ya mita, na uandike namba zote mbili kwa kalamu ya wino usiofutika ndani ya mlango wa meini swichi, pamoja na tarehe.